Dona, Sembe na Daktari wa Mulago

Mwaka 1899, mjini London, Bayliss na Starling walikata mishipa ya fahamu iletayo amri kwenye utumbo wa mbwa. Utumbo haukusimama. Ulipotanuliwa kwa ndani uliendelea kusukuma, kwani una mishipa yake mwenyewe kutani.

Denis Burkitt, mpasuaji mwenye jicho moja, alifanya kazi Uganda kuanzia 1946 hadi 1966. Wengi humjua kwa saratani ya taya za watoto iitwayo kwa jina lake. Mimi namheshimu zaidi kwa kupima vinyesi (msomaji asikunje pua). Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha kwamba chakula cha wanakijiji wa Uganda kilipita tumboni kwa saa 36 hivi, na choo chao kilizidi gramu 400 kwa siku. Kwa wanamaji wa Uingereza ilichukua saa 80 na zaidi, gramu 100 tu. Sababu ni makapi: hunenepesha choo, choo hutanua utumbo, utumbo husukuma. Baadaye aliyapa makapi sifa kupita ushahidi wake.

Hapa Temeke dona ilihesabiwa chakula cha shule na jela. Sembe nyeupe ndiyo iliyokuwa heshima. Sasa waliofunga choo huambiwa na daktari warudie dona. Kwangu hupikwa kila siku, na wajukuu hununa.