Kafi na Tanga: Mashua ya Ziwa Letu Tanganyika

Tukiuliza wanafunzi masomoni ile mashua ya tanga ilitoka wapi, wengi wanajibu: « Kwa Waarabu. » Jibu hilo ni nusu tu.

Kabla ya tanga kulikuwa mtumbwi. Wazee wetu waliangusha mivule mikubwa katika milima ya Ugoma, upande wetu wa magharibi, wakaichonga mpaka gogo moja likawa chombo kizima. Hata watu wa Ujiji, ng'ambo ya pili, walitumia mitumbwi iliyotoka kwetu. Ilikwenda kwa kafi, ikifuata ufuko, maana kingo zake ni fupi na wimbi kubwa linaijaza maji haraka.

Katika karne ya 19, wafanyabiashara kutoka pwani ya Bahari ya Hindi walileta ufundi wa mbao na tanga. Mashua yao ilikuwa na tumbo pana: upepo ukilala, watu wanapiga kasia; ukiamka, wanatweka tanga. Lakini mashua hizo zilikuwa chache. Mwezi wa Machi 1858, Mwingereza Speke alivuka kwa mtumbwi hadi kisiwa cha Kasenge, upande wetu, kuomba mashua ya Sheikh Hamed bin Sulayyim. Akaikosa. Basi yeye na Burton walifika Uvira mwezi wa Aprili kwa mitumbwi miwili, kwa nguvu za wapiga kafi. Cameron yeye alipata mashua pale Ujiji, na mwaka 1874 akafika nayo mpaka Lukuga, kwa kasia na kwa tanga.

Sasa shida iko hapa. Vyombo hivyo vilivyovuka kati ya Mtowa na Ujiji vilibeba chumvi, nguo na pembe za ndovu. Vilibeba pia watu waliofungwa, ambao wengi hawakurudi tena. Na Kiswahili chetu, kwa sehemu, kilipita njia hiyo hiyo. Hatuwezi kusifu tanga na kunyamazia minyororo.

Siku hizi motere inasukuma mitumbwi mingi. Walimu wenzetu, tuwapeleke watoto kwa mafundi wa ufukoni, wajifunze majina: mkuku, mlingoti, usukani, kafi. Halafu tuwaambie historia yote, ile tamu na ile chungu. Mashua ni yetu kwa zote mbili.