Gari Lenye Macho Lilivyofika Bugolobi

Bugolobi, mtaa ulioko kusini-mashariki mwa katikati ya jiji la Kampala, ndani ya Divisheni ya Nakawa, umekua kando ya njia iendayo Port Bell, bandari ya Ziwa Viktoria iliyopewa jina la gavana wa kikoloni Hesketh Bell, na kwa hiyo wakazi wake wamezoea tangu zamani kuona mizigo ya ng'ambo ikiingia jijini kabla ya maelezo yake kufika. Jambo hilohilo limejirudia katika historia ya visaidizi vya dereva, yaani vifaa vya kielektroniki ambavyo huhisi mwendo wa gari au hali ya barabara, kisha humwonya dereva, humrekebisha, na mara nyingine hushika breki au usukani kwa niaba yake kwa muda mfupi. Katika foleni moja ya asubuhi itokayo Bugolobi kuelekea katikati ya jiji hukutana takribani vizazi vyote vya vifaa hivyo, kuanzia gari lenye breki za kawaida tu hadi gari lenye kamera mbili nyuma ya kioo cha mbele, na tofauti kati ya magari hayo haionekani kwa nje.

Kizazi cha kwanza kilitokana na mtu ambaye mwenyewe hakuweza kuendesha. Ralph Teetor, mhandisi wa Marekani aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa mtoto, alibuni kishika mwendo, yaani kifaa kinacholifanya gari lidumishe kasi moja bila dereva kuendelea kukanyaga mafuta. Alipata hataza yake mwaka 1950, na kampuni ya Chrysler ikaanza kukiuza katika magari yake ya mwaka 1958. Kifaa hicho kilikuwa cha starehe kuliko usalama. Afrika Mashariki ilikuja kukijua zaidi kifaa kinachofanana nacho kwa sura lakini kilicho kinyume chake kwa kusudi, nacho ni kidhibiti mwendo, ambacho hakidumishi kasi bali huizuia isipite kikomo. Nchini Kenya, kanuni zilizosimamiwa na Waziri John Michuki na kuanza kutekelezwa mwaka 2004 zililazimisha matatu kuwa na vidhibiti vya kilomita 80 kwa saa pamoja na mikanda ya usalama, na kwa abiria wengi wa ukanda huu hilo ndilo lililokuwa tukio la kwanza la kusikia kwamba chombo kinaweza kumpinga dereva wake. Madereva walivikata nyaya, na polisi wakavikagua upya, na mvutano huo haujakwisha hadi leo.

Kifaa kilichobadilisha zaidi namna ya kuendesha, hata hivyo, ni breki za ABS, ambazo Mercedes-Benz na Bosch walizitoa sokoni kwa mfumo wa kielektroniki mwaka 1978. Katika breki za kawaida, dereva anapokanyaga kwa nguvu barabarani penye utelezi, magurudumu hukwama yakaacha kuzunguka, na gurudumu lililokwama haliwezi kuligeuza gari hata usukani ukizungushwa hadi mwisho. Ili kuepuka hali hiyo, madereva waliofunzwa kwa malori ya Bedford na kwa Peugeot 404 na 504, ambazo kwa muda mrefu zilikuwa teksi za safari ndefu nchini Uganda, walijifunza kuipigapiga breki, yaani kukanyaga na kuachia kwa haraka mara nyingi, na wakaurithisha ustadi huo kwa wanafunzi wao kama alama ya dereva aliyekomaa. ABS hufanya kazi hiyohiyo kwa kasi ambayo mguu wa binadamu hauwezi kuifikia: sensa iliyoko kwenye kila gurudumu huhisi gurudumu linapotaka kukwama, na vali hupunguza na kurudisha nguvu ya breki mara kadhaa katika sekunde moja, huku kanyagio likitetemeka na kutoa mlio wa kukwaruza.

Hapo ndipo ustadi wa zamani ulipogeuka kuwa kosa. Dereva anayeipigapiga breki ya ABS huukatiza mfumo kila anapoachia mguu, na hivyo husimama mbali zaidi kuliko yule anayekanyaga kwa nguvu zote mara moja, akashikilia, na kuendelea kuzungusha usukani ili kukwepa kilicho mbele. Wapo pia wanaoachia kanyagio kwa hofu wanapolihisi likitetemeka, wakidhani breki imeharibika, ilhali mtetemo huo ndio ushahidi kwamba mfumo unafanya kazi. Inafaa kukumbuka kwamba ABS haifupishi umbali wa kusimama kila mahali: juu ya murramu na changarawe, gurudumu lililokwama hujichimbia na kusukuma udongo mbele yake, na gari lisilo na ABS linaweza kusimama mapema zaidi, ingawa bila kuongozeka. Mtu anayetoka katika lami ya Bugolobi kwenda kijijini mwishoni mwa wiki huvuka kutoka sheria moja ya breki kuingia nyingine bila kibao chochote cha kumwarifu.

Juu ya msingi wa ABS ndipo ulipojengwa udhibiti wa uthabiti, mfumo unaolinganisha mahali ambapo dereva ameelekeza usukani na mahali ambapo gari linakwenda kweli, kisha hufunga breki ya gurudumu moja peke yake ili kulirudisha gari kwenye mstari. Ulianza mwaka 1995 katika magari ghali, lakini uliingia katika magari ya kawaida kwa njia ya aibu: mwaka 1997 gari dogo la A-Class la Mercedes lilipinduka nchini Sweden mikononi mwa waandishi wa habari waliokuwa wakijaribu kukwepa kizuizi cha kuwaziwa, na kampuni ikalazimika kuuweka mfumo huo katika kila gari la aina hiyo. Katika dashibodi huonekana kama taa ya gari linaloacha alama za kuyumba nyuma yake. Kitufe chake cha kuzimia kina matumizi halali, hasa pale gari linaponasa katika matope na magurudumu yanahitaji kuachwa yazunguke, lakini dereva anayekizima na kukisahau huwa amelirudisha gari lake katika hali ya kabla ya mwaka 1995.

Visaidizi vinavyoona mbele vilikuja baadaye, na kwa Bugolobi historia yake ni historia ya Japani kuliko ya Ulaya, kwa sababu magari mengi yanayoonekana Uganda yalitumika kwanza Japani, nchi inayoendesha upande wa kushoto kama Uganda. Serikali ya Japani ilianzisha mpango wa gari la usalama wa hali ya juu mwaka 1991, na miaka minne baadaye Mitsubishi Diamante iliuzwa ikiwa na kishika mwendo kilichopima kwa leza umbali wa gari la mbele na kupunguza kasi kulifuata, ingawa bila kugusa breki. Mwaka 2003 Toyota Harrier, gari ambalo baadaye lilipendwa mno na tabaka la kati la Kampala, lilitoka likiwa na rada iliyokisia mgongano kabla haujatokea, ikakaza mikanda na kuiongezea nguvu breki pale dereva alipokanyaga. Katika mwaka huohuo Honda Inspire ilikwenda hatua moja zaidi kwa kufunga breki yenyewe.

Subaru ilichagua njia nyingine. Badala ya rada iliweka kamera mbili zilizotenganishwa kama macho ya binadamu, ambazo hupima umbali kwa kulinganisha tofauti ndogo kati ya picha ya kulia na ya kushoto. Mfumo huo uliotangulia kuonekana katika Legacy ya mwaka 1999 ulipewa jina la EyeSight mwaka 2008, na toleo la mwaka 2010 likaweza kulisimamisha gari kabisa pale tofauti ya kasi na kilicho mbele ilipokuwa ndogo. Kwa muda watunga kanuni wa Japani walisita kuruhusu gari lisimame lenyewe, wakihofia kwamba dereva atabweteka, na hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Toyota ilianza kukusanya vifaa vya namna hiyo katika magari yake ya bei nafuu mwaka 2015, na kuanzia Novemba 2021 Japani ikalazimisha breki inayojifunga yenyewe katika aina mpya za magari madogo yanayotengenezwa nchini humo.

Magari hayo hushushwa Mombasa au Dar es Salaam, yakasafirishwa kwa barabara hadi mpakani na kuishia katika maghala ya forodha ambayo wakazi wa Kampala huyaita bondi, mengi yakiwa Nakawa, si mbali na Bugolobi. Sheria ya usalama barabarani iliyorekebishwa mwaka 2018 inazuia kuingiza nchini gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi, kwa hiyo kila mwaka unaopita huleta bondini magari yenye visaidizi vingi kuliko ya mwaka uliotangulia. Hata hivyo, kitabu cha mwongozo, kama hakikupotea njiani, kimeandikwa Kijapani, na maonyo ya skrini na sauti ni ya Kijapani pia. Kwa miaka mingi wamiliki wamesalimiwa kila asubuhi na sauti ya mwanamke anayetangaza kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa, nao hawajui anasema nini. Wanachokijua wote ni kwamba redio ya Kijapani haifiki kwenye masafa ya vituo vingi vya Kampala, na wengi hununua kifaa cha kuirekebisha katika wiki ya kwanza. Redio ikinyamaza kila mtu husikia, lakini kamera ikipofuka hakuna anayejua.

Kamera na rada hupofuka kwa urahisi. Rada ya Toyota nyingi hukaa nyuma ya nembo ya mbele, ambayo kwa ajili hiyo hutengenezwa bapa na laini ili mawimbi yapite. Nembo ya kawaida iliyonunuliwa katika soko la spea la Kisekka hutosha kuyazuia, na vivyo hivyo chuma cha kinga kinachofungwa mbele ya bampa au puti iliyopakwa kwa wingi baada ya ajali ndogo. Kamera ya kioo cha mbele huhitaji kupimwa na kuelekezwa upya kila kioo kinapobadilishwa, kwa sababu kosa la kuelekea pembeni kwa digrii moja huwa kosa la karibu mita mbili kwa umbali wa mita 100, sawa na upana wa gari zima. Hata tairi zisizolingana ukubwa huidanganya ABS, na tairi kipara huufanya udhibiti wa uthabiti usiwe na cha kushikilia.

Barabara yenyewe pia ina masharti yake. Onyo la kuhama njia husoma mistari iliyochorwa juu ya lami, na pale mistari ilipofutika au kufunikwa na vumbi jekundu, mfumo hunyamaza bila kuomba radhi. Barabara ya mwendo kasi ya Kampala na Entebbe, iliyofunguliwa mwaka 2018, ni miongoni mwa mahali pachache ambapo onyo hilo na kishika mwendo kinachofuata gari la mbele vinaweza kufanya kazi kama vilivyokusudiwa. Ndani ya mtaa, mashimo na matuta hayahesabiwi kabisa kuwa vizuizi na breki inayojifunga yenyewe, kwani mifumo mingi hutafuta umbo la gari au la mtu. Jua nalo huathiri kamera: kwa kuwa Kampala iko chini ya nusu digrii kaskazini mwa ikweta, jua huwa chini karibu saa zilezile mwaka mzima, na ndizo saa za kwenda kazini na kurudi. Katika hili wakazi wa Bugolobi wana bahati ambayo hawaizungumzii, kwa kuwa asubuhi huelekea magharibi na jioni mashariki, jua likiwa mgongoni mara zote mbili, ilhali wenzao wa Nateete, upande wa magharibi wa jiji, hulitazama usoni kwenda na kurudi.

Jaribio gumu zaidi ni boda boda. Breki inayojifunga yenyewe ilibuniwa hasa kwa ajili ya gari lililo mbele katika njia hiyohiyo, na matoleo ya baadaye yakafundishwa kumtambua mtembea kwa miguu na mwendesha baiskeli. Pikipiki inayochomoza kutoka kushoto, ikakata mbele ya bampa na kupotea kulia, huweza kukosekana kabisa au kusababisha onyo likiwa limechelewa. Dereva aliyechoshwa na vipenga vya onyo katika foleni huuzima mfumo wote, na uamuzi huo, ingawa unaeleweka, huondoa msaada palepale unapohitajika, yaani usiku, dereva akiwa amechoka na lori limesimama barabarani bila taa. Ripoti ya Polisi ya Uganda ilihesabu vifo 4,806 vya barabarani katika mwaka 2023, na waliokuwa juu ya pikipiki na waliokuwa wakitembea kwa miguu ndio walio wengi kati yao. Watu hao hawana mkanda wala mfuko wa hewa, na kwa hiyo kifaa kilichomo katika gari la mtu mwingine kinawahusu kuliko kinavyomhusu mwenye gari.

Kwa mnunuzi anayesimama bondini Nakawa, ukaguzi wa kwanza hauhitaji fundi wala Kijapani. Ufunguo unapowashwa kabla injini haijanguruma, taa ya ABS, ya mifuko ya hewa na ya gari linaloyumba zinapaswa kuwaka kwa sekunde chache kisha kuzimika zenyewe. Taa inayobaki ikiwaka huonyesha hitilafu inayoweza kutafutwa, lakini ile ambayo haikuwaka kabisa katika gari lenye mfumo huo huenda imeungua, au mtu ameing'oa ili kuificha hitilafu, na bei ya gari hilo haipaswi kujadiliwa kabla ya swali hilo kujibiwa.