Mwanagenzi wa Usukani na Historia ya Herufi 'L'

WANAFUNZI wangu chuoni huniambia "Prof, nimepata PDL!" kwa furaha ya mtu aliyekwisha kuhitimu. Nami huwauliza: umepata nini hasa? Leseni hiyo ya muda si idhini ya kujiendeshea utakavyo; ni ruhusa ya kujifunza. Tofauti hiyo ilipatikana kwa gharama ya roho za watu.

Uingereza, tulikorithi utaratibu huu, ilianza kutoa leseni za udereva Januari 1, 1904. Ada ilikuwa shilingi 5 na mtihani haukuwapo. Ulilipa, ukapewa, basi! Miaka 30 baadaye magari yalikuwa yakiua ovyo: mwaka 1934 pekee, watu zaidi ya 7,000 walifia barabarani. Sheria ya mwaka huo ikaleta mtihani, uliokuwa wa lazima kuanzia Juni 1, 1935, pamoja na ile herufi 'L' nyekundu kwenye kibao cheupe. Hapo mwanzo vituo vya mtihani havikuwapo. Mtahini na mtahiniwa waliagana kukutana bustanini au kwenye stesheni ya reli.

Hata hivyo, dhiki hulegeza kanuni. Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka mwaka 1939, mtihani ulisitishwa hadi Novemba 1946. Mwishoni mwa 1956, mgogoro wa Suez ulipoadimisha mafuta, mtihani ulisimama tena, na wanaojifunza wakaruhusiwa kuendesha bila msimamizi kando yao.

Hapa kwetu, Sheria ya Trafiki, Sura 403, ni ya mwaka 1953. Leo leseni ya muda hutolewa na NTSA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Kile kijitabu chekundu cha leseni tulichokizoea kimepisha kadi, lakini 'L' ingali pale pale, herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza.

Je, Kiswahili kinasemaje? Wengi husema 'dereva mwanafunzi'. Mimi napendekeza mwanagenzi. Mwanafunzi aweza kujisomea kitabu peke yake chumbani. Mwanagenzi ni mtu anayeanza kujifunza kazi, na kazi hufundishwa na fundi aliye karibu. Kwa hivyo, 'leseni ya mwanagenzi' ingemkumbusha kijana kwamba bila mwalimu kando yake, karatasi ile haimruhusu kushika usukani. Anayelisahau hilo si mwanagenzi tena, ni limbukeni, na limbukeni barabarani ni hatari kwake na kwa anayevuka.

Nao madereva wa matatu wanaompigia honi mwenye 'L', ati anawachelewesha, wakumbuke kwamba hawakuzaliwa na usukani mkononi. Kupata leseni ni jambo moja, kuitunza ni jingine. Wahenga walisema: mwanamaji wa Kwale kufa maji mazoea. Mwanagenzi huendesha kwa hofu. Ni yule aliyezoea ndiye husahau kutazama kioo.