Kimstari cha shilingi, tembo wa Tabora na dhahabu ya Singida

Leo siasa pembeni, tuongee pesa. Pesa za zamani.

Juzi hapa Ikungi muuza duka kaniandikia risiti: 3,500/=. Hicho kimstari kilichoinama unajua kimetoka wapi? Waingereza waliandika herufi s kuwakilisha shilingi, na s hiyo ni ya solidus, sarafu ya dhahabu ya Warumi. Inaelezwa kwamba s ndefu ya zamani ndiyo iliyonyooka ikawa mstari.

Solidus ilianzishwa na Mfalme Konstantino mwanzoni mwa karne ya 4. Ratili moja ya Kirumi ya dhahabu ilitoa sarafu 72, kila moja kama gramu 4.5. Dola ya Bizanti iliulinda uzito huo na usafi wake kwa takriban miaka 700, mpaka wafalme wa karne ya 11 walipoanza kuichakachua. Miaka 700! Shilingi yetu hata 100 haijafikisha tangu itengane na ya Afrika Mashariki mwaka 1966.

Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanazigombania solidus. Mimi mshahara wa uandishi hauniruhusu hata kuota. Lakini ipo sarafu moja ya dhahabu inayonikosesha usingizi zaidi, kwa sababu ni ya kwetu.

Ukitoka Singida kwenda Nzega unapita Sekenke, Iramba. Madereva wanaujua kwa mlima wake. Wajerumani walichimba dhahabu pale kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Vita vilipoanza 1914, manowari za Waingereza zikafunga pwani, na sarafu kutoka Berlin zikakatika. Basi mwaka 1916, ndani ya karakana ya reli pale Tabora, dhahabu ya Sekenke ikageuzwa sarafu za rupia 15. Upande mmoja tai wa Kijerumani, upande wa pili tembo kainua mkonga, nyuma yake mlima, chini herufi T ya Tabora. Zilitengenezwa 16,198 tu, kila moja gramu 7 na ushee. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji, mchezo ukaisha.

Karakana hiyohiyo ilitoa heller 20 za shaba nyeupe na nyekundu, zaidi ya milioni moja. Hizo ndizo zilizozunguka mikononi mwa watu wa kawaida, na ndiyo maana mpaka leo tunasema "sina hela". Tembo wa dhahabu hakutuachia hata neno.

Leo tembo huyo anauzwa kwenye minada ya Ulaya, akiwa kwenye kiboksi cha plastiki, na maelezo marefu kuhusu mchoro na uzito. Waliochimba ule udongo wa Iramba hawatajwi. Hilo linaniuma kuliko bei.

Hapa Ikungi kwenyewe, Mang'onyi, mgodi mkubwa ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2023. Safari hii waandishi tupo.

Kama una babu au bibi wa Kinyiramba aliyesimuliwa habari za Sekenke ya Wajerumani, niandikie. Nitapanda basi nimfuate.