Mazingira si Somo la Pembeni: Biashara za Pwani na Namna Tunavyofunza Usimamizi

Muulize mwanafunzi wa biashara akutajie rasilimali za kampuni. Atakutajia bila kusita: fedha, watu, mitambo na muda. Muulize sasa maji ya kisima yamo katika fungu gani, au ufuo ulio mbele ya hoteli, au mwamba wa matumbawe unaozuia mawimbi yasiule ufuo huo. Hapo utaona anatafuta maneno. Nimefunza somo la usimamizi hapa pwani kwa miaka kadhaa, na jambo hili nimelikuta kila mwaka, kwa wanafunzi wenye akili nzuri kabisa. Tatizo si lao. Vitabu tunavyowapa viliandikwa na watu ambao biashara zao hazikukaa juu ya mchanga.

Katika makala haya nataka kueleza maana ya kuingiza utunzaji wa mazingira ndani ya mkakati wa biashara, jambo hili lilikotoka, na mifano tuliyo nayo sisi wenyewe, mizuri na mibaya, ambayo ingepaswa kuwa mezani kila tunapofunza.

Mkakati ni majibu ya maswali machache: twauza nini, twamuuzia nani, twakipata wapi, na baada ya miaka 20 tutakuwa bado twaweza kukiuza? Swali hili la mwisho ndilo linaloleta mazingira ndani. Kampuni inayopanda miche siku moja kwa mwaka, wafanyakazi wamevaa fulana za kampuni na mpiga picha yupo tayari, haijaingiza mazingira katika mkakati wake. Imefanya sherehe. Sina ugomvi na sherehe, lakini haifai kuitwa mkakati.

Fikra yenyewe si ya zamani sana katika vitabu. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani Milton Friedman aliandika katika gazeti la New York Times kwamba wajibu wa biashara kwa jamii ni kuongeza faida yake, mradi ifuate kanuni za mchezo. Kizazi kizima cha mameneja kilisomeshwa hivyo. Mwaka 1987 Tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norway ikaleta maelezo ambayo mpaka leo hutumika: maendeleo endelevu ni yale yanayotimiza mahitaji ya waliopo bila ya kuwanyang'anya watakaokuja uwezo wa kutimiza yao. Mwaka 1994 Mwingereza John Elkington akashauri kampuni zipige hesabu tatu badala ya moja: ya fedha, ya watu na ya mazingira. Cha kufurahisha ni kuwa mwaka 2018 Elkington mwenyewe alilirudisha neno lake, kama kampuni ya magari inavyorudisha magari yenye kasoro, kwa kuona kuwa makampuni yamelifanya pambo la ripoti. Kwa upande wa elimu, mwaka 2007 Umoja wa Mataifa ulizindua kanuni za elimu ya usimamizi yenye uwajibikaji, na vyuo vya nchi nyingi vikajiunga.

Basi nadharia ipo. Tuje kwetu.

Mfano wa kwanza ni Bamburi. Kiwanda cha saruji kilianza uzalishaji mwaka 1954, na malighafi yake ilikuwa chokaa ya matumbawe ya kale iliyo chini ya miguu yetu. Ukichimba matumbawe unabakiwa na shimo jeupe, lisilo na udongo, lenye joto kali mchana na maji ya chumvichumvi karibu chini yake. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, Rene Haller, alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Iliyostahimili ilikuwa michache sana, na bingwa wao alikuwa mvinje, mti ambao mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyoshika naitrojeni ya hewani, kwa hivyo hauhitaji udongo mzuri kuanzia.

Lakini mvinje una kasoro yake. Majani yake membamba yakianguka hayaozi upesi, na bila kuoza hakuna udongo. Haller akaona majongoo wanayala. Akawaleta kwa wingi, wakala, wakanya, na mavi yao yakawa mwanzo wa udongo. Ndiyo, msomaji, msitu ule umeanzia kwenye mavi ya jongoo, na sioni aibu kulisema darasani. Baadaye wakaja ndege, miti mingine, samaki wa kufuga, mamba na twiga. Sehemu hiyo ilifunguliwa kwa umma mwaka 1984, na leo twaiita Haller Park. Watoto wengi wa Mombasa wamefika pale kwa safari ya shule kumuona kobe mkubwa, lakini sijui ni wangapi walioambiwa kuwa walikuwa wamesimama ndani ya mgodi.

Kwa mwanafunzi wa usimamizi kisa hiki kina mafunzo mawili yanayovutana, na ndiyo maana nakipenda. La kwanza: gharama ya kurekebisha shimo iliingia katika shughuli za kampuni yenyewe, na shimo likazaa mapato ya viingilio, samaki na nguzo za mivinje. Ukipita leo Kilifi au Kwale utaona mashamba ya mivinje ya watu binafsi, na nguzo zake zikijenga nyumba. La pili: msitu haufuti moshi. Saruji hutengenezwa kwa kuchoma chokaa, na chokaa ikichomwa hutoa gesi ya kaboni kutoka ndani ya jiwe lenyewe. Zaidi ya nusu ya gesi inayotoka kiwandani haitokani na makaa yanayochomwa bali na jiwe. Hata ukitumia moto wa jua, sehemu hiyo ingali palepale. Kwa hivyo mwanafunzi anayesifu bustani bila kuuliza habari za tanuri, nampa nusu ya alama.

Mfano wa pili ni boriti. Wazee wa Lamu wanaijua biashara hii kuliko mwalimu yeyote. Mikoko ilikatwa ikapangwa kwa unene wake, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na majahazi yakaibeba hadi Uarabuni kwa karne nyingi. Mji wenyewe wa Lamu umeezekwa kwa boriti hizo, na upana wa vyumba vyake unafuata urefu wa mti. Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi. Februari 2018 ikasimamisha ukataji katika misitu ya umma kote nchini, na wakataji wa Lamu, kaunti yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, wakakaa bila kazi. Nawaonea huruma, kwani wengi wao walikuwa na leseni na walikata kwa utaratibu. Hata hivyo, hii ndiyo hatari ya biashara iliyotegemea msitu bila yeyote kati ya wafanyabiashara kuwa na daftari la msitu: siku serikali inapoingiwa na hofu, hufunga mlango mzima, na mwema na mwizi hubaki nje pamoja.

Ukitoka kaskazini ukaenda kusini, Gazi, utakuta njia nyingine. Mikoko ya ghuba ile ilikatwa sana miaka ya 1970 kuwa kuni za viwanda, mpaka sehemu nyingine zikabaki tope tupu. Upandaji wa majaribio ulianza mwaka 1991 chini ya taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI. Kutoka hapo ukazaliwa mradi wa Mikoko Pamoja wa vijiji vya Gazi na Makongeni, ulioanza mwaka 2013. Wanatunza hekta 117, na kila mwaka huuza hati za kaboni za tani zipatazo 3,000 kwa wanunuzi wa ng'ambo. Fedha hizo zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 2019 wenzao wa Vanga, Jimbo na Kiwegu walianzisha wa kwao ulio mkubwa zaidi.

Mti ni uleule. Lamu uliuzwa ukiwa umekatwa, Gazi unauzwa ukiwa umesimama. Lakini tusiwapambie wanafunzi. Bei ya kaboni hupangwa na watu walio mbali, nayo hupanda na kushuka bila kijiji kuulizwa, na mwanakijiji anayehitaji fito za kuezekea kibanda chake leo jioni hawezi kuezeka kwa hati. Ndiyo sababu Gazi walipanda pia mivinje, ili kuni na nguzo zipatikane pasipo kugusa mikoko. Meneja mzuri angeliona hilo kabla ya kuona tuzo.

Sheria nayo ni sehemu ya mkakati, ingawa wanafunzi wengi huiona ni kazi ya wakili. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Haki hii imekuwa na bei. Mtaa wa Owino Uhuru hapa Mombasa uliathiriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo baada ya kutikiswa katika rufaa. Juni 2019 leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa kujengwa Lamu ilifutwa na jopo la mazingira, na sababu mojawapo ni kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Nawe fikiria wenye viwanda vya mifuko ya plastiki, ambao tarehe 28 Agosti 2017 waliamka wakakuta bidhaa yao ni kosa la jinai, faini kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4. Mjadala wa marufuku hiyo ulikuwa umezunguka kwa miaka. Aliyekuwa akiusikiliza alipata muda wa kubadilisha mitambo.

Sasa darasani tufanye nini? Mahali pengi mazingira huwekwa kuwa somo la hiari la mwaka wa mwisho, hufunzwa Ijumaa mchana, na mwanafunzi hulisoma kama mtu anayesikiliza mawaidha. Mimi nataka liingie katika hesabu, katika masoko, katika ununuzi, na liingie mapema.

Chukua somo la fedha. Tuseme nyumba ya wageni Diani hulipa umeme shilingi 300,000 kwa mwezi, na kupasha maji moto ni sehemu kubwa ya hizo. Mtambo wa jua unagharimu milioni 6 na unapunguza ankara kwa 120,000 kila mwezi. Gawanya: miezi 50, miaka minne na kidogo. Mtambo ukidumu miaka 20, hiyo mingine yote ni akiba. Kisha ongeza swali: je, chumvi ya bahari ikila mabomba mwaka wa saba? Je, mkopo ni wa riba gani? Hapo mwanafunzi anapiga hesabu kwelikweli, na mazingira yamo ndani bila hotuba.

Chukua somo la uzalishaji. Nazi moja ikiuzwa, makumbi hutupwa na vifuu huchomwa. Bibi zetu waliyazika makumbi kwenye tope la pwani kwa miezi, wakayafukua, wakayaponda na kusokota kamba. Leo makumbi yayohayo hutengenezwa magodoro na udongo wa kuoteshea miche. Mpe mwanafunzi gunia la makumbi na umwambie alete bei, mteja na gharama ya usafiri kutoka Kaloleni. Na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamtaka mzalishaji awajibike kwa bidhaa yake hata baada ya kuuzwa, kwa hivyo zoezi hili si la mchezo.

Chukua somo la usimamizi wa mali ya pamoja. Kuruwitu, Kilifi, mwaka 2005 wavuvi walijitengea hekta zipatazo 30 za bahari wasivue humo. Kwa nini mvuvi mwenye njaa akubali kufunga bahari yake? Alishawishiwaje jirani yake? Nani hulinda usiku? Maswali haya ni ya uongozi, na majibu yake hayamo katika kitabu chochote kilichoandikwa Boston.

Mwalimu anayetaka kuanza hahitaji bajeti kubwa. Matatu ya kutoka Likoni hadi Gazi ni safari ya asubuhi moja, na wanawake wa kijiji wana njia ya mbao inayopita ndani ya mikoko ambayo mgeni hulipa kiingilio. Wapeleke wanafunzi, wape daftari, na uwaambie waulize mambo haya: mapato ya mwaka jana yalikuwa kiasi gani, yaligawanywaje, ni nani aliyepinga na kwa nini, na bei ya kaboni ikianguka nusu kijiji kimepanga kufanya nini. Wakirudi, waandike mizania ya ghuba ile, wakiweka na samaki wanaozaliana kwenye mizizi ya mikoko. Watabishana sana kuhusu bei ya kuwawekea samaki hao.