Turbo haikuzaliwa kwa ajili ya sifa

Mwaka 2025 ilitimia miaka 120 tangu Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, asajili hataza ya mtambo ambao leo tunauita turbo. Hoja yake ilikuwa ya mtu anayechukia ubadhirifu. Sehemu kubwa ya nishati ya mafuta yanayoungua ndani ya injini hutoka na moshi ikapotelea hewani, naye akataka irudishwe kazini. Moshi unaotoka kwa kasi huzungusha gurudumu dogo la mapanga, na kwenye ncha ya pili ya mhimili huohuo gurudumu jingine huvuta hewa ya nje, huibana na kuisukuma ndani ya silinda. Hewa ikiongezeka, mafuta mengi zaidi huweza kuungua, na injini ya ukubwa uleule hutoa nguvu zaidi. Kila aliyeifuata hoja hiyo akiwa na tatizo mahususi la kutatua alifaulu. Walioichukua ili wapate namba ya kuandika kwenye tangazo waliwaachia wateja wao hasara, na soko letu la magari yaliyotumika limeanza kuwafuata hao wa pili.

Tatizo moja lilikuwa la meli na jingine la ndege. Katikati ya miaka ya 1920, injini za dizeli za meli mbili za abiria za Ujerumani zilifungwa mtambo wa Büchi, na nguvu ya kila moja ikapanda kutoka farasi 1,750 hadi 2,500. Kabla ya hapo, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Auguste Rateau alikuwa amejaribu turbo kwenye injini za ndege Ufaransa. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss wa kampuni ya General Electric aliipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak, Colorado, mita 4,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Chini, injini hiyo ilitoa farasi 350. Kule juu, ambako hewa ni nyepesi, ilibaki na 230, lakini ilipofungwa turbo ikafika 356. Moss hakuwa akitafuta kuizidisha injini kupita uwezo wake. Alikuwa akiirudishia hewa iliyonyang'anywa na mlima, na ndege za kivita za Marekani katika vita vilivyofuata ziliruka juu sana kwa hesabu hiyo.

Tamaa iliingia turbo ilipofika kwenye magari madogo. Mwaka 1962 kampuni moja, General Motors, ilileta sokoni magari mawili ya turbo kwa wakati mmoja, na tofauti kati yao inafundisha kuliko maelezo yote ya viwandani. La kwanza, Oldsmobile Jetfire, lilikuwa na injini ya silinda nane yenye ujazo wa inchi za ujazo 215, na likatangazwa kuwa na nguvu ya farasi 215: farasi mmoja kwa kila inchi. Ili namba hizo mbili zilingane, wahandisi waliacha mbano wa silinda ukiwa juu mno, 10.25 kwa 1, kisha wakaongeza shinikizo la turbo juu yake. Hewa iliyobanwa hupata joto, na mchanganyiko wa hewa na petroli ukipata joto kupita kiasi hulipuka kabla ya wakati na kuzitwanga pistoni. Dawa waliyoibuni ilikuwa kunyunyizia maji yaliyochanganywa na methanoli ndani ya njia ya hewa, kutoka kwenye tangi dogo ambalo mwenye gari alitakiwa kulijaza mwenyewe. Waliipa dawa hiyo jina la mbwembwe, Turbo-Rocket Fluid.

Wenye magari hawakulijaza. Tangi likikauka, valvu ya usalama ilizuia nguvu ya turbo, na mtu aliyelipia farasi 215 akajikuta na gari zito la kawaida. Malalamiko yalirundikana kwa mawakala. Baada ya miaka miwili na magari yasiyofika 10,000, Jetfire ilisitishwa, kisha kampuni ikajitolea kuwang'olea wateja turbo na kuwafungia kabureta ya kawaida. Simulizi inayorudiwa sana huwatupia lawama wateja wavivu. Hukumu hiyo si ya haki, kwa sababu gari la pili la mwaka uleule, Chevrolet Corvair Monza Spyder, halikuhitaji dawa yoyote. Waliolitengeneza waliteremsha mbano hadi 8 kwa 1, wakakubali farasi 150, na turbo yao ikaendelea kuuzwa hadi mwaka 1966. Kosa la Jetfire lilifanyika mezani, pale namba ya tangazo ilipochaguliwa kwanza na injini ikalazimishwa kuifuata.

Mtu anaweza kupinga kwamba teknolojia ilikuwa bado changa. Ni kweli, vifaa vya kompyuta vya kusikiliza mlipuko ndani ya silinda na kuurekebisha vilikuwa havijafika. Lakini Corvair ilitumia teknolojia ya enzi ileile. Na miaka 11 baadaye BMW ilipotoa 2002 Turbo, ambayo nguvu yake ilichelewa kisha ikaja kwa kishindo, gari hilo liligongana na msukosuko wa mafuta wa 1973 na yakatengenezwa 1,672 tu. Saab ya Sweden, kwa 99 Turbo, ilichagua turbo ndogo inayoamka mapema na mlango wa kupunguzia moshi uliozidi, kwa sababu ilitaka gari la kuendeshea kila siku. Tangu hapo sheria za moshi na bei ya mafuta zimeifanya turbo kuwa kitu cha kawaida kwenye injini ndogo duniani kote.

Somo hilo linatuhusu moja kwa moja. Anayetaka kuifungia turbo injini ya lita 2 aanze na hewa. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, injini hiyo humeza takribani lita 6,000 za hewa kwa dakika bila turbo. Turbo inayofaa ni ile inayoweza kuzidisha kiasi hicho bila kukimbia kupita uwezo wake. Kisha aulize gari litakaa wapi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na shinikizo la hewa huko ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa. Ili silinda ipate shinikizo lilelile, turbo iliyokuwa ikizidisha hewa mara 1.7 pwani italazimika kuizidisha mara 2 na zaidi bara. Itazunguka kasi zaidi, itaipasha hewa joto zaidi na kudai rejeta ya hewa iliyo bora. Turbo kubwa inayosifiwa kijiweni inaweza kuwa mzigo kwa injini ndogo inayokwama kwenye foleni.

Wapo wanaosema turbo haiziwezi barabara zetu. Toyota Celica ya turbo ilishinda Safari Rally mwaka 1984, 1985 na 1986. Atakayejibu kwamba zile zilikuwa timu za kiwanda zenye mafundi njia nzima atakuwa amekubali kwamba kinachoamua ni matunzo. Malori ya mizigo yanayopanda kutoka Mombasa hadi Malaba hutegemea dizeli za turbo, na wenye malori hawanunui sifa. Wanajua kwamba mhimili huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya utando mwembamba wa oili, na kwamba oili chafu itaumaliza. Kwa magari madogo tumelegea. Turbo iliyotumika huuzwa kwa kutazamwa umbo, ikifa hung'olewa, na lawama hupewa Mjapani aliyelitengeneza gari. Muuzaji asiyeweza kusema turbo yake ni ya injini ya ukubwa gani, mbano gani na mwinuko gani, hastahili kulipwa bei ya turbo.