Mizani ya Ushahidi na Jaribio la Dar es Salaam

Kukusanya ushahidi wa watu wengi na kuupima kwa mizani moja si jambo la jana. Mwaka 1904 Karl Pearson, bingwa wa takwimu wa Uingereza, alizikusanya pamoja habari za chanjo ya homa ya matumbo miongoni mwa askari, akatafuta hukumu moja katika hesabu zilizopingana. Mwaka 1976 Gene Glass wa Marekani aliipa kazi hiyo jina la metaanalisisi. Mwaka 1993 jumuiya ya Cochrane ilianzishwa Oxford ili mapitio ya tiba yafanywe kwa utaratibu, wala si kwa mapendeleo ya mwandishi.

Mwaka huo huo Wafaie Fawzi na wenzake walichapisha metaanalisisi iliyoonyesha kwamba vitamini A hupunguza vifo vya watoto. Mwaka 1994 uchunguzi wa Malawi ukaonyesha kwamba akina mama wenye upungufu wa vitamini hiyo waliwaambukiza watoto wao virusi vya Ukimwi zaidi ya wengine. Tumaini kubwa likazaliwa, maana dawa za Ukimwi zilikuwa mbali na wanawake wengi wa Afrika, na kidonge cha vitamini kilikuwa rahisi.

Tumaini, hata hivyo, si ushahidi. Kati ya Aprili 1995 na Julai 1997, wajawazito zaidi ya 1,000 wenye virusi hivyo waliandikishwa Dar es Salaam, katika jaribio lililoendeshwa na wataalamu wa Muhimbili, akiwamo Gernard Msamanga, pamoja na Fawzi na wenzake wa Harvard. Mwaka 1998 ilitangazwa kwamba mchanganyiko wa vitamini B, C na E ulipunguza vifo vya watoto tumboni. Lakini mwaka 2002 ikatoka habari ya kushtua: vitamini A, iliyotumainiwa kuwa ngao, iliongeza maambukizo kwa watoto.

Majaribio ya Durban na Malawi hayakuona madhara hayo. Yote yalipojumlishwa, pamoja na lile la Zimbabwe, faida haikuonekana, na madhara ya Dar es Salaam yakafifia ndani ya jumla. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba vitamini A isitumiwe kwa nia ya kuzuia maambukizo hayo. Lakini majaribio hayakufanana. Wanawake wa Dar es Salaam waliendelea kumeza vitamini kila siku hata walipokuwa wakinyonyesha. Wa Zimbabwe walipewa dozi kubwa mara moja tu baada ya kujifungua.

Siku hizi kazi hii inakabidhiwa mashine. Mwaka 2016 wataalamu wa Qatar waliieleza programu ya Rayyan, inayomsaidia mtafiti kuchagua mihtasari. RobotReviewer husoma ripoti na kukadiria kasoro zake. Na tangu mwaka 2022 akili unde inayotunga maneno imefika mikononi mwa kila mwanafunzi. Faida yake haina shaka. Mapitio mamoja huweza kudai kusomwa kwa maelfu ya mihtasari, na maktaba zenye watumishi wachache hazina miezi ya kupoteza.

Hata hivyo yapasa kuuliza ni nini kinachopotea katika kujumlisha. Mnunuzi wa mchele Kariakoo huuliza kwanza kama ni wa Kyela au wa Shinyanga, ndipo aulize bei. Kilo ni kilo, lakini mchele si mmoja. Vivyo hivyo mashine yaweza kuchukua tarakimu ya kila jaribio bila kosa, ikaacha sentensi moja inayosema dawa ilitolewa lini na kwa muda gani. Sentensi hiyo ndiyo iliyobeba hatari ya mtoto anyonyaye.

Basi mashine na ipewe kazi ya kutafuta na kuhesabu. Kuamua kama vitu viwili vyafaa kuwekwa katika mzani mmoja ni wajibu wa msomi, na wajibu huo haumtoki hata kama hesabu imefanywa na mwingine.